Masomo ya Kompyuta Ughaibuni: Tusiingie Katika Riba kwa Kutojua



Ndugu Waislamu, kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, wazazi hutujia misikitini na swali moja: kijana wangu anataka kwenda nje kusomea sayansi ya kompyuta, nifanye nini? Wengine huja wakiwa wamekwisha kuchelewa. Kiwanja kimeuzwa, mkopo wa riba umechukuliwa, au wakala amepokea fedha za kujaza fomu isiyotozwa hata senti moja. Hatuwalaumu wao. Tunajilaumu sisi tunaokemea riba juu ya mimbari, kisha tusiwaonyeshe watu njia ya halali.

Njia zipo. Serikali ya Uturuki ina ufadhili uitwao Türkiye Bursları, ulioanza mwaka 2012. Hulipa ada, makazi, bima ya afya, tiketi ya ndege na posho ya kila mwezi, pamoja na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Kuomba ni bure. Mwombaji wa shahada ya kwanza awe hajafikia umri wa miaka 21, na alama zake kwa fani nyingi zisipungue asilimia 70. Maombi kwa kawaida hupokewa Januari na Februari, kijana akiwa bado darasani. Anayengoja matokeo hukuta mlango umefungwa.

Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, wengi wetu tunakijua kwa sharia na Hadithi. Leo kina kitivo cha kompyuta pia. Basi kijana wa madrasa aliyekishika Kiarabu barabara asidhani kuwa lugha hiyo humfungulia mlango mmoja tu. Malaysia nako kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa, kilichoanzishwa mwaka 1983, ambacho hufundisha kompyuta kwa Kiingereza na huwapokea mabinti zetu pia; lakini huko ada ipo.

Ujerumani, vyuo vikuu vingi vya serikali havitozi ada ya masomo hata kwa wageni, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Bure hiyo isitughuri. Ili apate viza, mwanafunzi huonyesha fedha za kujikimu mwaka mzima, ambazo mwaka 2024 zilipangwa kuwa euro 11,904; na masomo mengi ya shahada ya kwanza ni kwa Kijerumani. Hapo ndipo aliyesikia neno "bure" hukimbilia mkopo wa riba.

Kwa hiyo tunazinasihi kamati za misikiti mambo mawili. Kwanza, kila msikiti uteue mtu mwaminifu wa kuwaandaa vijana tangu kidato cha tano: pasipoti, vyeti, lugha na tarehe za maombi. Pili, wenye uwezo waanzishe mfuko wa qardhi hasan, kijana akopeshwe na arejeshe kile kile alichokopa.

Na asiyejaaliwa kusafiri asihuzunike. Fani hii inafundishwa pia katika vyuo vyetu vya nyumbani, na shahada ya nyumbani isiyo na riba ina baraka kuliko ya ughaibuni iliyojengwa juu ya haramu.