Mkaa Uliokolea Hauna Moshi, Lakini Unaua

Kila baridi ya Juni inaposhuka Njombe, Makete na Mufindi, kuna neno linalopita nyumba hadi nyumba: "Acha ukolee kwanza, ndipo uliingize jiko ndani." Nimelisikia kwa mama wenye nyumba, kwa wanafunzi waliopanga vyumba, hata kwa watu waliofaulu kemia. Maana yake ni kwamba mkaa hudhuru wakati unafuka tu. Ukishakuwa mwekundu na moshi ukaisha, sumu nayo imeisha, weka jiko kando ya kitanda ulale. Ni uongo, na uongo huu unazika watu.

Moshi tunaouona ni masizi na mvuke wa utomvu ambao haujaungua. Unachoma macho, unakohoza, unamtoa mtu chumbani. Inayoua usiku ni hewa nyingine, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Mkaa karibu wote ni kaboni. Hewa inayoingia kwa chini ya jiko huunguza mkaa na kuwa kaboni dayoksaidi. Hiyo nayo, ikipanda katikati ya makaa mekundu, hunyang'anywa oksijeni na kugeuka kaboni monoksaidi. Basi wekundu ule tunaousubiri ndio unaoipika sumu. Zile ndimi za bluu zinazocheza juu ya jiko lililokolea ni sumu hiyo ikiungua. Majivu yanapofunika makaa na ndimi zikafifia, sumu inaendelea kutoka, safari hii bila kuungua, na ndiyo saa ambayo watu wameshatia komeo na kuvuta blanketi.

Ikifika kwenye damu hung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi mzito unakuja, na miguu inakataa. Naijua hali hiyo. Nikiwa kijana tulilala wawili katika chumba cha kupanga, jiko likiwa mlangoni, mkaa umekolea kama tulivyofundishwa. Niliamka kichwa kinapasuka. Mwenzangu alikuwa amejaribu kwenda nje akaanguka kabla ya kukishika kitasa. Tulitoka kwa kutambaa. Asubuhi majirani walisema ni malaria, mmoja akasema tumechezewa. Jiko halikushukiwa na mtu.

Hoja ninayojibiwa mara nyingi ni hii: bibi zetu walilala na moto katikati ya nyumba, mbona waliishi? Naiheshimu hoja hiyo, maana ni kweli walilala na moto. Lakini tazama nyumba waliyolala. Paa la nyasi lilipumua, kuta za fito na udongo zilikuwa na nyufa, mlango wa mbao haukukutana na fremu. Hewa ya moto ilipanda ikatoka. Na bado waliulipia moto ule kwa macho mekundu na vifua vya kukohoa. Sisi tumejenga kwa tofali za kuchoma, tumepiga lipu, tumeweka dari na madirisha ya alumini na vioo, tumekunja kitambaa tukaziba upenyo wa chini ya mlango ili baridi isiingie. Kisha tumeuchukua moto wa bibi tukaufungia humo, na tunadai ni mila.

Kuna wanaoweka beseni la maji karibu na jiko, eti maji yanafyonza sumu. Hewa hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Beseni litakaa pale hadi asubuhi na sumu itakaa chumbani. Kuna wanaokimbilia maziwa mtu akizidiwa. Sumu hii imepitia mapafuni ikaingia kwenye damu, tumboni haimo, na kumnywesha aliyepoteza fahamu ni kumpalia. Fungua mlango na madirisha, mburute nje kwenye hewa, mpeleke hospitali awekewe oksijeni. Ukifika, sema wazi kwamba ndani kulikuwa na jiko, kwa sababu kile kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ni ya kutosha wakati mgonjwa anakufa.

Sisemi haya kwa sababu mkaa ni wa maskini. Émile Zola, mwandishi tajiri wa Ufaransa, alikufa mwaka 1902 chumbani kwake Paris, moto ukiwa kwenye sehemu yake na dohani ikiwa imeziba. Wenye nyumba za zamani za Lushoto na wenye majiko ya kuni yenye bomba walisikie hilo. Bomba husafishwa kabla ya msimu wa baridi. Kuni mbichi huacha lami inayolibana bomba na inayoweza kushika moto, kwa hiyo kuni zikaushwe. Na majivu yatolewe nje kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, maana kaa lililozikwa humo huishi hadi kesho yake.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono. Ila neno lenyewe ni kupikia. Nyanda za juu, mtu anapika ugali kwa gesi, anafunga mtungi, kisha anawasha mkaa wa kuota. Kampeni isiyotaja baridi haijamfikia huyo. Wala jiko bora la udongo halimwokoi, kwa kuwa linapunguza mkaa anaonunua, halimwondolei sumu.

Njia ya kulala na joto bila moto ipo: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa khanga, soksi, blanketi la pili, watoto kulala pamoja. Jiko libaki uani, lifunikwe mchanga.

Wanaoniumiza zaidi ni waliojifungua. Kwa mapenzi kabisa, mama mkwe huleta jiko, hulisukuma karibu na kitanda, akafunga madirisha ili kichanga kisipate upepo. Kichanga na mama aliyepoteza damu ndio wasioweza kuhimili hata sumu kidogo. Ukienda kumpa mzazi hongera ukakuta jiko chumbani, shikamoo baadaye. Litoe nje kwanza, fungua dirisha, ndipo uketi umpakate mtoto.