Mpango wa Matatu Hauanzi kwenye Kompyuta

Hebu leo tuongee wazi, hasa sisi tunaoandika programu. Mara kwa mara natafutwa na meneja wa sacco ya matatu anayetaka "mfumo wa kupanga magari". Nikimwuliza gari linakaa steji dakika ngapi kabla ya kujaa, hajui. Nikimwuliza nani anaamua nauli mvua ikinyesha jioni, anacheka. Sasa huo mfumo utapanga nini?

Haya tumeshayaona. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay, kadi ya kulipia nauli. Serikali nayo ikataka nauli ya pesa taslimu ikome kufikia Julai 1, 2014. Machi 2015 BebaPay ikafungwa. Nikasikia watu wakisema eti makanga anaogopa teknolojia. Upuuzi mtupu! Makanga huyohuyo alikuwa na M-Pesa mfukoni.

Shida ilikuwa hesabu. Mwenye gari hudai kiasi fulani kila jioni. Ukitoa hicho na mafuta (na ya polisi, tusijifanye hatujui), kinachobaki ndicho chakula cha dereva na makanga. Kadi ilipeleka nauli yote kwa mwenye gari. Wewe ungekubali? Kanuni za Michuki za 2004 zilitaka wafanyakazi hawa walipwe mshahara wa mwezi. Hapo ndipo pa kuanzia, lakini wakubwa waliruka hadi kwenye kadi. Kadi inatokea vizuri kwenye picha ya uzinduzi, mkataba wa kazi hautokei.

Linganisha na Digital Matatus. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watu wa MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu wakirekodi kila kituo. Ramani ikatoka 2014, njia zaidi ya 130, na 2015 zikaingia Google Maps. Walianza kwa kuangalia gari linapita wapi kweli. Data yenyewe ni ya bure, na bado sijakutana na meneja aliyeifungua.

Kwa hivyo meneja, kabla hujanipigia, mpe mtu wako wa steji daftari na saa kwa wiki mbili. Aandike gari limeingia saa ngapi, limejaa saa ngapi, limetoka na abiria wangapi. Kisha kaa na madereva na makanga mkubaliane mshahara. Baada ya hapo njoo, nitakuandikia programu. Na ukiona daftari linakutosha, usije.