Mahindi Tunakagua, Samaki Je?

Wasee wa Kitale na Bungoma, leo nitawaudhi, hasa nyinyi mnaoposti video za "kidimbwi kimoja, laki tatu". Nimetazama nyingi. Sijaona hata moja ambapo mtu anauliza vifaranga wametoka wapi.

Kitale ndio makao makuu ya Kenya Seed. Mzee akinunua mbegu ya mahindi anakwangua kibandiko, anatuma SMS, anajua kama ni feki kabla ashike jembe. Ng'ombe wakishikwa na ugonjwa wa miguu na midomo, soko linafungwa. Lakini vifaranga wa tilapia? Wanaletwa na boda kwa mfuko wa plastiki, unalipa, unamwaga. Kwisha.

Na kuna virusi vya tilapia vinaitwa TiLV. Vilitambuliwa Israeli na kuelezwa kisayansi 2014. Mwaka wa 2017 FAO ikatoa tahadhari kwa dunia nzima. 2018 watafiti wakaripoti kuvipata kwa tilapia wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania, kwa samaki ambao hawakuonyesha dalili zozote. Soma hapo tena. Samaki anakaa poa kabisa na bado anavibeba. Sisi Uganda iko hapo tu: Bungoma kuna Lwakhakha, Trans Nzoia kuna Suam.

Kwingine milipuko imewahi kuua hadi 90% ya samaki. Thailand wengi walikufa mwezi wa kwanza tu baada ya kuwekwa. Tiba hakuna. Ndio maana nakasirika nikiona mtu ameuziwa antibiotiki ya kuku achanganye na chakula cha samaki. Antibiotiki inaua bakteria. Virusi haivigusi, manze, na hela umeshatoa.

Halafu tunapenda kubahatisha. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, mara nyingi ni oksijeni imeisha. Ongeza maji safi uone. Lakini macho yenye ukungu, vidonda kwa ngozi, kukataa chakula? Inaweza kuwa bakteria, inaweza kuwa TiLV. Kwa macho huwezi kujua. Kipimo ni PCR, ile ile mbinu ya korona, na maabara inataka samaki mgonjwa aliyetoka majini sasa hivi, kwenye barafu. Yule aliyeoza juani tangu asubuhi hana msaada.

Utasema kupima ni ghali. Kwa mtu mmoja, kweli. Kwa hivyo wapimwe samaki wazazi kwenye vituo vya kuzalisha vifaranga, kwa sababu mzazi anaweza kuambukiza watoto wake. 2009 serikali ilianza kuchimba vidimbwi 200 kwa kila eneobunge, maeneobunge 140. Pesa ya kuchimba ilipatikana. Basi kaunti zikigawa vifaranga leo, zigawe na cheti.

Na wewe mfugaji, wageni wakae kando wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na wengine. Wavu usiazimishe jirani. Waliokufa wazike na chokaa, usitupe Nzoia wasafiri hadi kwa wengine.

Wewe wa laki tatu, video ijayo muulize muuzaji mbele ya kamera: wazazi wa hawa walipimwa lini? Na hilo jibu usilikate.