Zana za bure tunazo, mbona mabango yetu yote ni mapacha?

Nilikuwa kimya kidogo, majaribio ya katikati ya muhula yalinibana. Leo nina la kusema kuhusu mabango.

Pita mbele ya ubao wa matangazo wowote hapa chuoni, usimame dakika mbili tu. Bango la kuchangia damu, la mechi ya mabweni, la dada anayeuza visheti: yote yana maua yaleyale pembeni, rangi ileile ya waridi iliyopauka, mwandiko uleule wa kujipindapinda. Lile la damu lina picha ya wanafunzi waliovaa makoti ya baridi. Makoti jamani, na jua hili!

Zamani tungesingizia hela. Photoshop ni ya kulipia, na wengi tulikuwa tunapeana ya wizi kwenye fleshi, na virusi juu. Siku hizi sababu hiyo haipo. GIMP ni ya bure, na ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi kama sisi, Spencer Kimball na Peter Mattis, wakiwa chuoni Berkeley, California. Inkscape ipo tangu 2003, hiyo ni ya kuchora nembo ambayo hata ukiikuza iwe kubwa kama ukuta haipasuki. Zote mbili ukishaziweka kwenye kompyuta zinafanya kazi bila bando, na kumgawia mwenzako kwa fleshi ni halali kabisa, leseni yake inaruhusu. Ukitaka kitu kisicho na kuinstoli, Photopea inafunguka kwenye brauza na inasoma hata mafaili ya Photoshop. Mwenye simu tu ana Canva, iliyozinduliwa Australia mwaka 2013.

Sasa shida iko wapi? Shida ni templeti. Tunafungua Canva, tunachukua iliyo juu kabisa, tunafuta maneno ya mwenzetu, tunabandika yetu, tunapakua. Kwisha. Halafu tunajiita tumedizaini! Mimi silaumu chombo. Mwiko haupiki ugali, mpishi ndiye anayepika.

Na hasara ipo. Kazi ya bango ni kumsimamisha mtu anayepita. Likifanana na mengine kumi, halimsimamishi yeyote, na visheti vinachachia kwenye ndoo. Kibaya zaidi ni nembo. Picha zilizomo kwenye templeti za Canva zimeruhusiwa kwa kila mtu, kwa hiyo nembo uliyoijenga kwa picha hizo huwezi kuisajili kama alama yako ya biashara. Siku biashara ya yule dada ikikua, mwingine anaweza kuwa na nembo hiyohiyo na asiwe na la kumfanya.

Mtaniambia, sisi si wasanii, tunasoma uhasibu. Sawa. Lakini somo la kudizaini limekunjwa kwenye kabati la mama yako. Chukua kanga uitandaze. Kuna pindo linalozunguka, kuna mji katikati, kuna jina. Rangi chache, maneno mafupi, na mtu anaisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Hiyo ndiyo kanuni yote!

Basi fanya hivi. Fungua ukurasa mtupu. Pindo, chora mwenyewe au piga picha ya ukili wa mkeka. Mji, weka picha uliyopiga kwa simu yako: visheti vyenyewe, mkono wa mwenzako akichangia damu, watu wa hapahapa. Jina, sentensi moja ya Kiswahili inayouma. Mwandiko chukua Google Fonts, ni bure, ila mmoja tu, ukizidi sana miwili. Ukikosa picha kabisa, Wikimedia Commons zipo kwa mamilioni, lakini soma leseni kwanza, nyingi zinataka umtaje aliyepiga.

Itakuchukua saa moja badala ya dakika tano, sikatai. Ila kumbukeni Edward Saidi Tingatinga. Miaka ya mwisho ya 1960 hapo Dar alichora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Hakusubiri vifaa vya gharama, na hakuiga picha za mtu. Leo mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake.

Sisi tuna vifaa ambavyo yeye hakuviota, tena mfukoni, tena bure. Halafu tunavitumia kuchapa maua ya watu wengine. Hapana wadau, tujitahidi kidogo. Nikianza kuona bango moja lenye sura yetu, huyo mtengenezaji soda yake iko kwangu, boom likitoka.

Anayebisha aje na hoja. Nawasilisha.