Tubebe Msaada, Tuulizie na Ghala

Vijana wenzangu, wapo wanaotaka mtu wa kujitolea abebe mizigo na kufunga mdomo. Mimi nakataa.

Tarehe 20 Septemba 2017 Kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Umeme ulikatika kisiwa kizima. Huko Utuado, milimani, mto ulisomba daraja la Río Abajo. Wakazi hawakusubiri kamati: walining'iniza kitoroli cha supamaketi kwenye waya, wakavushia maji na chakula vilivyoletwa na watu wa kujitolea.

Serikali ikatangaza vifo 64. Mwaka 2018, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington, ikakubali makadirio ya 2,975. Mgonjwa wa kisukari haui upepo peke yake. Insulini isiyofika nayo inaua.

Januari 2020 wananchi wakagundua ghala mjini Ponce limejaa maji ya chupa na vitanda vya dharura, mengine yakidaiwa kuwepo tangu Maria. Gavana Wanda Vázquez akamfukuza kazi mkuu wa maafa.

Halafu tunaambiwa eti tusilete siasa kwenye msiba! Nani ameshika ufunguo wa ghala? Hiyo ndiyo siasa yenyewe.

Nasoma sheria, najua ushahidi hauji wenyewe. Kwa hiyo kila timu yetu ikipeleka msaada, iende na daftari: kimeingia nini, kapokea nani, kimebaki wapi. Kisha tuulize hadharani.