Hukumu ya Picha ya Mgongo

Toleo hili tumelitenga kwa mgongo wazi uliofichika, ambao matabibu huuita spina bifida okulta, na yamkini msomaji wa Mbulu au Hanang atastaajabu kwamba katika wilaya zenye uchache wa matabibu na wingi wa maradhi mazito, tumetoa kurasa kwa jambo ambalo aghalabu si maradhi hata kidogo. Jawabu letu ni kwamba hali hii huleta dhara kwa hukumu mbili za pupa zinazopingana: ile imfanyayo mtu mzima wa afya kuwa mgonjwa kwa ajili ya picha, na ile imwachayo mtoto mgonjwa bila ya tiba kwa kuwa mgongo wake umefunikwa na ngozi.

Katika wiki nne za kwanza tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua hata kuwa wamehimili, mfereji utakaokuwa ubongo na ugwe wa mgongo hujikunja na kujifunga. Usipofungika, mtoto huzaliwa na mgongo wazi wa dhahiri, wenye uvimbe mgongoni, miguu iliyopooza na mara nyingi kichwa kinachojaa maji. Ule uliofichika, kwa sura yake ya kawaida, ni kitu kingine: ugwe umekaa mahali pake, ngozi ni nzima, illa upinde wa nyuma wa pingili moja, hasa ya mwisho ya kiuno au ya kwanza ya nyonga, haukukutana. Katika hesabu nyingi zilizofanywa duniani, watu wazima kumi hadi ishirini kwa kila mia wanalo pengo hilo, na wengi huzikwa nalo bila ya kulijua. Na kwa watoto wadogo upinde huo kutofungika ni hatua tu ya ukuaji, kwa maana mfupa wenyewe bado haujakomaa.

Sasa mchukue mkulima wa Dongobesh ambaye kiuno kimemuuma miezi mingi, akauza mbuzi, akasafiri hadi hospitali yenye eksirei kama ile ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, na karatasi ya majibu ikamwambia kwamba uti wake una pengo. Neno hilo hurudi naye nyumbani kama hukumu ya kadhi: ataacha jembe, na bintiye akipata jawabu kama hilo ataambiwa hafai kubeba ndoo wala mimba. Utafiti haukuthibitisha kwamba pengo la namna hii, likiwa peke yake, huleta maumivu ya kiuno. Tena, na hili ndilo tunaloliogopa zaidi, tabibu akiisha kuridhika na pengo hataendelea kutafuta. Na katika nchi ya wafugaji, ambako maziwa mabichi hunywewa kwa raha, mgongo unaouma pamoja na homa za jioni na kukonda huenda umeshikwa na brusela au na kifua kikuu cha mifupa, maradhi yanayotibika yakijulikana mapema na yanayolemaza yakichelewa.

Upande wa pili hauhitaji eksirei, bali jicho. Mtoto anapooshwa kwa mara ya kwanza, mkunga au bibi huuona mgongo wake kabla ya tabibu yeyote, na pale juu ya mfereji wa makalio huenda pana kishungi cha nywele, au nundu laini ya mafuta, au kishimo kilichokaa juu na mbali na njia ya haja, au baka jekundu lenye nywele au uvimbe. Kishimo kidogo cha chini kabisa, ndani ya mfereji wenyewe, ni cha watoto wengi na hakina neno. Lakini zile alama nyingine zaweza kuwa dalili kwamba ugwe umenaswa chini, na kadiri mtoto arefukavyo huvutwa, mpaka aliyekwisha acha kukojoa kitandani aanze tena, mguu mmoja upinde, na mwendo uharibike. Yaliyokwisha haribika mara nyingi hayarudi hata baada ya upasuaji. Na hapa pana rehema ambayo wengi hawaijui: katika miezi mitatu ya kwanza mifupa ya mgongo bado ni laini, hivi kwamba mashine ya altrasaundi, ile ile itazamayo mimba, yaweza kuuona ugwe, baadaye mlango huo hufungwa, na hubaki safari ya mbali na kipimo cha gharama.

Kuhusu foliki asidi, vitamini ya kukinga mgongo wazi, tutasema machache. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba hupunguza kwa kiasi cha saba katika kumi kurudia kwa mgongo wazi katika uzazi unaofuata. Tanzania iliweka kanuni za kuitia katika unga mwaka 2011, ila ugali wa vijiji vyetu hutoka katika mashine ndogo za kusaga, ambazo kanuni hizo hazikuzifikia. Mama aliyekwisha zaa mtoto mwenye mgongo wazi wa dhahiri huhitaji miligramu 4 kila siku tangu kabla ya mimba, mara kumi ya kipimo cha kawaida. Mwenye pengo la pingili moja, lililoonekana kwa sadfa katika picha, hahesabiwi katika kundi hilo, na karatasi yake ya majibu ingepaswa kumwambia hivyo waziwazi.