Kushangilia Peke Yake Hakutoshi

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ama baad. Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi waheshimiwa, tunakumbuka Februari 2021, chombo Al-Amal cha Umoja wa Falme za Kiarabu kilipofika kwenye sayari ya Mirihi na kuanza kuizunguka. Habari ilienea kwenye simu, na baadhi yetu tukaleta takbira. Haikupita wiki, tukawa tumesahau. Furaha ile ilikuwa ya nini?

Wapo wanaosema fedha za safari hizo zingewalisha maskini. Hoja hiyo ni nzito, wala hatuipuuzi. Lakini tuseme kweli: sisi tunaolikimbia somo la hesabu, muda ule tunaouokoa huwa tunawapelekea maskini?

Tuitazame roboti ya Wamarekani iitwayo Spirit. Ilitua Mirihi Januari 2004, ikitarajiwa kufanya kazi siku 90 tu. Mwaka 2006 gurudumu moja kati ya sita likagoma kuzunguka. Hakuna fundi wa kwenda huko kulitengeneza. Wataalamu wakakaa chini, wakapiga hesabu, wakawa wanaiendesha kinyumenyume huku ikiliburuta lile bovu. Mwaka 2007 gurudumu hilohilo bovu likakwaruza ardhi na kufichua udongo mweupe wenye silika nyingi, dalili kwamba hapo zamani palikuwa na maji ya moto au mvuke. Roboti ile iliendelea kuleta habari hadi Machi 2010.

Kilichofanya kazi hapo ni subira na hesabu sahihi. Subira mwanafunzi wa madrasa anaijua. Anayehifadhi juzuu haruki aya iliyo ngumu, huirudia mpaka ikae kichwani. Basi mbona hesabu ngumu tunairuka?

Wala tusisingizie umbali. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Bahari ni yetu na jina ni la lugha yetu, lakini hesabu walipiga wengine.

Aya ya 190 ya Surat Aal-Imran inatuelekeza kuutazama uumbaji wa mbingu na ardhi kwa akili. Kutafakari huko kunataka zaidi ya kutazama picha na kupiga makofi.

Wazazi, tunawaomba: mtoto akirudi nyumbani, mkishamuuliza amefika sura gani, muulizeni pia hesabu ya leo imemshinda wapi. Nanyi wanafunzi, iliyowashinda jana irudieni leo.

Wabillahi Tawfiq.